Mashine Iliyonyamaza Siku ya Usaili

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti changu kipo ndani ya bahasha ya kaki, nimevaa gauni ambalo mama alilinyoosha kwa pasi ya mkaa, na Fundi Mkuu wa karakana ya taipureta hata bahasha hakuipokea. Alinionyesha sakafu. "Fagia, kisha uniletee kila skrubu utakayoiona." Nikafagia, nikamletea skrubu kumi na moja kwenye kiganja. Akazichambua moja moja akiniambia kila moja imetoka kwenye mashine ya nani, ofisi ipi, na aliyeiacha idondoke ni fundi gani.

Karakana ilikuwa chini kabisa ya jengo la idara yetu, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Fundi Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi, ila jambo moja alilirudia mpaka likanikaa. "Hapa hatubahatishi, binti. Mashine inaulizwa. Uliza kitu kimoja, ngoja jibu, andika. Ukiuliza viwili kwa mpigo hutajua kipi kimejibiwa." Nilikuwa na daftari la kwanza mwezi uleule. Nimestaafu nikiwa na madaftari thelathini na saba, na mengi yamo kwenye sanduku chini ya kitanda, yamekaa tu.

Nimechoka, sifichi. Macho yameisha kwa skrini na mgongo kwa kuinamia meza. Hata hivyo vijana wenye fremu zao za duka Kariakoo hawaniachi. "Shikamoo bi Hawa. Kuna mashine hapa nimeipiga Linux, sasa waifai imekata." Namwitikia marahaba, namuuliza mashine imesema nini. Ananiambia haijasema kitu. Huwa imesema, tena kwa kirefu, ila yeye alikuwa anachati na simu wakati maandishi yanapita. Wao ndio walioniomba niandike jinsi kazi ilivyofanywa zamani zetu. Haya, naandika.

Taipureta zilipokufa, mafundi wenzangu wengi walikwenda na maji. Mimi nilipelekwa kozi ya miezi mitatu ya kompyuta, na niliporudi nikakuta nimehamishiwa chini ya Ofisa Ugavi. Msishangae. Siku zile kompyuta ilihesabiwa pamoja na viti na makabati, kwa hiyo mkubwa wake alikuwa yuleyule wa viti na makabati. Kila kitu kilikuwa na stika: aina yake, toleo lake, namba ya stoo. Stika ilitakiwa ifanane na leja, lile daftari kubwa la mali. Ikifanana, hakuna aliyeuliza zaidi.

Ofisa Ugavi huyo alikuwa mtu wa watu, mcheshi, anayekumbuka jina la mtoto wako. Mradi mmoja ulituletea kompyuta mpakato kumi na mbili, na yeye akachukua nne kwa shughuli ya harusi kwao, Jumamosi, bila kibali. Jumatatu alizirudisha zimeviringishwa kwenye kanga. Zilikuwa zimeanguka kutoka kwenye gari, maganda yamepasuka, vioo vimekufa. Bodi kuu za ndani, zile mafundi wanazoita maza, zilikuwa hai.

"Hawa mdogo wangu," akaniambia, "wiki ijayo wanakuja wakaguzi. Kule stoo si kuna zile nne mbovu zilizofutwa kwenye leja?"

"Zile ni toleo jingine, mzee."

"Si zinafanana?"

Zilifanana kama pacha. Kampuni moja, umbo moja, tofauti ndogo ndogo za ndani. Kwa siku mbili nilihamisha maza nzima kuziingiza kwenye maganda ya zile zilizofutwa, kisha nikabandika stika mpya juu ya stika za zamani ili zisome sawa na leja. Nikawasha, zikawaka. Sauti sikuijaribu. Nani ofisini kwetu alihitaji sauti? Nikaandika kwenye leja: zimekaguliwa, ni nzima. Nikatia sahihi yangu.

"Mkaguzi anahesabu stika," Ofisa Ugavi aliniambia akicheka. "Hafungui tumbo la mtu."

Ikawa hivyohivyo. Wakahesabu, wakanywa soda, wakaondoka. Baada ya mwaka Ofisa Ugavi akastaafu, mimi nikasahau. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nimesahau.

Miaka ikapita, tukapata Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta aliyesoma nje, kijana mwenye haraka lakini mwenye akili. Yeye ndiye aliyeamua tuachane na Windows zetu za kuibia, tuweke Linux, mfumo ambao unaruhusiwa kuutumia na kuugawa bure. Mashine za idara zilikuwa zimejaa virusi vya flashi, na leseni halali hatukuwa nazo. "Bi Hawa, anza na zile zisizo na kazi, uone zinavyokukataa," akasema. Zilinikataa kweli.

Nieleze kidogo, kwa wale wasiojua. Mfumo wa kompyuta haujui kuongea moja kwa moja na kila kifaa kilichomo ndani. Unahitaji programu ndogo katikati, mkalimani, ambayo kila mtu anaiita draiva. Kadi ya waifai ina ya kwake, kioo kina ya kwake, sauti ina ya kwake. Kampuni nyingi zilikuwa zinaandika mkalimani wa Windows tu. Kwenye Linux watu wa kujitolea ndio waliokaa wakaandika wengine, na walipokosa maelezo walikisia. Kwa hiyo unasimika mfumo vizuri, unawasha, kioo kinaonyesha maandishi makubwa kama ya kitabu cha chekechea, waifai haipo, printa inatema karatasi zenye alama za ajabu.

Dawa yake ilikuwa ileile ya Fundi Mkuu. Unaiuliza mashine: ndani yako mna nini? Kuna amri ya kufanya hivyo, na inakujibu kwa namba za vifaa, si kwa majina ya stika. Namba hiyo ndiyo unayoitafutia draiva. Mtandao wa ofisi ulikuwa wa kukatikakatika, hivyo nilikuwa naandika namba daftarini, natoka kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, kwa fundi mmoja mwenye fremu karibu na mtaa wa Msimbazi. Wote tulimwita Mangi, kwa kuwa alikuwa Mchaga mwenye duka. Mangi alikuwa na mtandao mzuri na roho nzuri zaidi. Ananipakulia mafaili kwenye flashi, narudi nayo, nayaingiza, nawasha upya. Ikigoma, nabadilisha kitu kimoja tu, nawasha tena. Kazi ya kuchosha kuliko kupepeta mchele wa harusi. Lakini niliipenda, na mashine thelathini zikakubali.

Sasa nifike kwa kaka Athumani.

Athumani alikuwa opereta wa suichibodi, yaani mitambo ya kuunganisha simu za ofisi. Haoni tangu utotoni. Miaka ishirini alikaa kwenye kile chumba kidogo cha ghorofa ya kwanza, na ukipiga simu idara yetu sauti ya kwanza ni yake. Aliwajua wafanyakazi wote kwa sauti. Ukimsalimia asubuhi alikuambia, "Leo hukulala vizuri," na ni kweli hukulala. Simu za mkononi zilipojaa, suichibodi ikawa haina kazi, na Mkuu wa Utumishi akatangaza itafungwa. Athumani alipewa nafasi moja: kuna kiti cha mchapaji masjala, afanye usaili, akishinda ahamie, akishindwa apunguzwe kazini.

Alinifuata karakana akigusagusa ukuta kwa mgongo wa mkono. "Hawa, nasikia kwenye hii Linux yako kuna programu inayomsomea mtu skrini."

"Ipo. Na Kiswahili inajaribu, ila kinatoka kama cha mgeni aliyefika jana."

"Nitakizoea. Hata nyinyi nimewazoea."

Kwa wiki tatu, kila saa ya chakula, nilikaa naye kwenye mojawapo ya zile mpakato. Ile haikuwahi kuguswa na harusi ya mtu, na sauti ilitoka siku ya kwanza. Alishajua kuchapa kwenye taipureta, vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Alichohitaji ni kusikia tu: uko wapi, faili gani limefunguka, onyo gani limetokea. Wiki ya tatu alikuwa anaandika barua, anaihifadhi, anaifungua tena, anasahihisha. Siku moja aliiamuru mashine isome jina lake mara nne mfululizo, akawa anacheka peke yake. Sikumbuki kufurahi hivyo kazini, kabla wala baada.

Asubuhi ya usaili Mkuu wa Utumishi akaleta sharti. Mwombaji asitumie mashine aliyoizoea, atumie mashine atakayopewa masjala, ili pasiwe na upendeleo. Mkaguzi wa Ndani alikwenda mwenyewe stoo, akatoka na mpakato moja chini ya kwapa na leja mkononi. Mama mmoja mkavu, miwani puani. "Iandae. Saa nane tunaanza. Nitakaa hapa hapa."

Nikasimika Linux. Ikaingia bila tabu. Nikawasha programu ya kusoma skrini. Kimya. Nikaiuliza mashine, ikajibu kwamba ina kifaa cha sauti cha toleo fulani, na draiva yake imekaa vizuri. Nikasoma stika, stika ikasema toleo lilelile. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Ukipandisha sauti, mstari kwenye kioo unapanda. Ukichomeka spika za masikioni, kimya. Nilibadilisha kitu kimoja, nikawasha upya. Nikabadilisha kingine. Saa nne ikawa saa tano.

Athumani alikuwa amekaa ubavuni kwangu, shati jeupe limekwisha kukunjika mgongoni kwa jasho. Ili mikono isitulie bure alikuwa anapapasa ganda la mashine, pembe kwa pembe, kama anavyofanya kila kitu kipya. Vidole vikasimama kwenye stika.

"Hawa, hii ina stika mbili. Moja imebandikwa juu ya nyingine."

Hapo ndipo nilipojua. Hii ilikuwa moja ya zile nne: maza ya toleo moja ndani ya ganda la pacha wake. Draiva ilikuwa inapeleka sauti kule ambako maza inadhani kuna spika, na kwenye ganda hili waya zilipita kwingine. Mashine ilikuwa inaniambia ukweli wake, stika inaniambia nilichokibandika mimi, na ukimtoa Ofisa Ugavi, duniani kote hakuna mtu mwingine aliyejua vimeachana. Skrubu sita. Nifungue, nitazame waya, niandike mstari mmoja wa kuiambia draiva ifuate mpangilio wa yule pacha. Robo saa ingetosha.

Mkaguzi wa Ndani aliinua macho. "Stika imefanyaje?"

Nilikuwa na watoto watatu shuleni na baba yao nilikuwa nimemzika miaka miwili nyuma. Sahihi yangu ilikuwa kwenye leja ile ile iliyo mapajani kwake. Nikifungua ganda mbele yake ataona mali iliyofutwa imerudishwa kwa mlango wa nyuma, na Ofisa Ugavi alishastaafu, amekaa zake kwao.

"Ni stika tu," nikasema. "Acha stika, kaka Athumani. Hii ni draiva, nakwenda kuitafuta."

Nikaondoka kwenda Kariakoo. Nilivuka Mnazi Mmoja karibu nikimbie, na mtu angeniona angesema mama huyu anajituma. Nilikuwa nakimbia skrubu sita. Nilimwambia Mangi anipe kadi ya sauti ya nje, ile ya kuchomeka pembeni. Alikuwa ameuza ya mwisho juzi yake, mzigo mwingine bado uko bandarini. Akaniuliza imekuwaje, nikamweleza nusu.

"Draiva imekaa, kosa hamna, sauti hamna?" Mangi akatikisa kichwa. "Mama, hiyo imechanganywa. Wewe unajua kuliko mimi. Fungua."

"Nitafungua," nikasema.

Nilirudi saa saba na nusu mikono mitupu. Sikufungua.

Saa nane kamati ikaketi. Nikawaeleza kwamba sauti imekataa, nikaomba waahirishe. Mkuu wa Utumishi akasema sharti ni lilelile kwa waombaji wote, na Athumani akasema, kwa sauti ileile ya simu, "Sawa, nitajaribu." Wakamsomea barua ya kuchapa. Akachapa yote, vidole vikienda sawasawa, bila kusita hata palipokuwa na majina magumu. Skrini ikabaki nyeupe. Kisanduku cha onyo kilikuwa kimefunguka katikati, kinangoja abonyeze kitufe kimoja, na yeye hakuwa na njia ya kukisikia. Nilinyanyuka. Mkaguzi wa Ndani akaniambia nikae, fundi haruhusiwi kumsaidia mwombaji. Nikakaa.

Alipomaliza aliweka mikono mapajani akageuza uso upande wangu. "Imetoka vizuri?" akauliza.

Kamati ikaandika kwamba mwombaji hamudu kompyuta. Mwezi uliofuata alikuwa kwao Kigamboni.

Jumatatu, karakana ikiwa haina mtu, nilifungua zile skrubu sita. Mstari mmoja. Mashine ikasema kwa kile Kiswahili chake cha mgeni kwamba kisoma skrini kimewashwa. Nilikaa nikalia. Kwenye taarifa niliandika: tatizo la draiva, limetatuliwa. Nilipomwomba Mkuu wa Utumishi usaili urudiwe, alinijibu kwa upole kabisa kwamba kiti kimeshapata mtu.

Nilibaki kwenye kazi hiyo mpaka umri wa kustaafu. Nimefanya chini ya wakuu wa kitengo wengine watatu, nimesimika mifumo kwenye mashine nisizoweza kuhesabu, nimepewa cheti cha mfanyakazi bora nikakitia sandukuni na madaftari. Zile mpakato zilipopigwa mnada niliinunua ile moja, nikavuka nayo Magogoni kwa pantoni, nikampa Athumani. Akaipokea kwa mikono miwili. Aliitumia kuwafundisha vijana wawili wa kwao wasioona, na mmoja sasa anafanya kazi redioni. Kila Idd nilikuwa nakwenda, nakula pilau yao, narekebisha kinachohitaji kurekebishwa, narudi. Hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema.

Nilipofika hapa kuandika, niliona siwezi kuwapa nyinyi haya kabla ya kumpa yeye. Nikaweka maandishi kwenye flashi nikavuka. Athumani ni mzee sasa, mvi tupu, na ana mashine mpya zaidi yenye sauti nzuri. Akaichomeka flashi mwenyewe, akabonyeza, na mashine ikaanza kusoma kuanzia ule ufagio. Nilikaa kwenye mkeka nikisikiliza dhambi yangu ikisomwa bila haraka, kila neno kwa uzito uleule, skrubu na watoto na sahihi. Chai ikapoa.

Iliponyamaza akaichomoa flashi, akaiweka mezani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Nilipokuambia stika ni mbili, ulivuta pumzi. Miaka ishirini nawasikiliza watu kwenye simu, Hawa. Pumzi ya mtu aliyeshtuka na ya mtu anayejua si moja."

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza, na Mkaguzi alikuwa pale pale, ameuliza kwa mdomo wake stika imefanyaje.

"Ningesema, tungetoka wawili," akasema. "Na wewe ulikuwa na watoto. Nilingoja uamue mwenyewe. Uliporudi kutoka Kariakoo nikasikia hukushika bisibisi, nikajua umeamua."

Nililia, naye akaniacha nilie, hakunibembeleza wala hakuniambia yamepita. Kisha akapapasa meza akaipata flashi, akanirudishia.

"Umemaliza kuandika?"

"Bado mwisho."

"Hao vijana wako wa Kariakoo watasoma ile sehemu ya Jumatatu, ulipoandika kwamba ni tatizo la draiva. Warekebishie."

Nawarekebishia. Draiva ilikuwa nzima.